Wisteria katika Rwamishenye: Kwa Nini Majani Hujaa na Maua Hayaji

Tuchukue mfano wa mwenyeji wa Rwamishenye, katika Manispaa ya Bukoba, ambaye ndugu yake aliyekwenda Ulaya amemletea mbegu chache pamoja na picha ya nyumba iliyofunikwa kwa vishada vya maua ya zambarau. Mwenyeji huyo anazipanda mbegu mbele ya nyumba yake, pembeni mwa kibanja, mahali ambapo ardhi imelishwa samadi na kufunikwa nyasi za rweya kwa miaka mingi. Mche unaota vizuri. Mwaka wa pili umefika kwenye boriti za baraza. Mwaka wa nne umetanda juu ya paa. Mwaka wa sita ungali unatoa majani tu. Anaongeza samadi, na majani yanaongezeka. Hatimaye anauliza: je, udongo wa Bukoba hauna rutuba? Je, mbegu zilikuwa mbovu? Au ni yeye asiyejua kulea maua?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali lililomo ni la kweli, nalo linawahusu wote wanaopenda kupamba nyumba zao kwa mimea iliyotoka mbali. Jibu lake, kwa kifupi, ni kwamba udongo hauna kosa na mikono ya mlezi haina kosa. Kosa limo katika uchaguzi. Mmea huo umeletwa mahali ambapo ishara unayoingojea ili uchanue haiji. Makala hii yakusudia kueleza ishara hiyo ni ipi, kutaja aina za wisteria na tofauti zake, kisha kuonyesha mimea mitatu ambayo yaweza kumpa mkazi wa Bukoba au Muleba vile vishada vya rangi anavyovitamani.

Mmea wenyewe na asili yake

Wisteria ni mmea wa kutambaa wenye shina gumu kama la mti. Umo katika jamii ya kunde, pamoja na maharage, njugu na mikaranga, na hilo huonekana wazi katika ua lake na katika ganda la mbegu zake. Asili yake ni sehemu mbili za dunia zilizo mbali mbali: Asia ya Mashariki, yaani China, Japani na Korea, na upande wa mashariki wa Marekani. Spishi ya Marekani ndiyo iliyotangulia kufika Uingereza, mwaka 1724. Spishi ya China ilifika huko mwaka 1816 kutoka bandari ya Canton. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1818 na mtaalamu wa mimea Thomas Nuttall, kwa kumkumbuka Caspar Wistar, tabibu na mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili katika mji wa Philadelphia.

Nguvu ya mmea huu si ya kudharauliwa. Katika mji mdogo wa Sierra Madre, California, upo mmea mmoja wa wisteria uliopandwa mwaka 1894, ambao sasa umetanda juu ya eneo la takriban eka moja. Huko Ashikaga, Japani, upo mwingine wenye umri wa zaidi ya miaka 150, uliohamishwa mwaka 1996 kwa ustadi mkubwa, na vishada vyake huning'inia juu ya kichanja kipana ambacho watu hupita chini yake kwa maelfu kila majira ya kuchipua.

Kalenda iliyomo ndani ya mmea

Mmea hauna macho ya kusoma kalenda, lakini lazima ujue wakati. Ukichanua kabla ya wakati, baridi itayaua maua yake. Ukichelewa, mbegu hazitakomaa. Kwa hiyo kila mmea hutegemea ishara fulani ya mazingira ili kujua kwamba wakati umewadia.

Katika nchi za asili ya wisteria, mwaka umegawanyika katika majira manne. Wakati wa kiangazi, mmea huunda matumba ya maua kwenye vijitawi vifupi, lakini hauyafungui. Siku zinapopungua urefu na baridi inapoingia, majani hupukutika na mmea hulala. Matumba hubaki yamefungwa kwa miezi kadhaa, yakipitia baridi. Baridi hiyo ndiyo ishara: mmea ni kama unaohesabu siku za baridi ulizozipitia, na hesabu ikitimia, joto la kwanza la mwaka mpya huamsha matumba yote kwa pamoja. Ndiyo sababu wisteria ya huko hufunikwa na maua kabla majani hayajajaa.

Sasa tuitazame Bukoba. Mji huu uko karibu nyuzi 1 na theluthi moja kusini mwa Ikweta, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mjini London, siku fupi kuliko zote ina mwanga wa jua kwa saa zisizofika 8, na siku ndefu kuliko zote ina saa zaidi ya 16. Bukoba, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote ni dakika 9 tu. Ama joto, wastani wa mwezi wa joto zaidi na wa mwezi wa baridi zaidi haupishani hata kwa nyuzi 3 za Selsiasi, kwa kuwa ziwa huzuia joto lisipande wala kushuka mno. Mvua nayo ni nyingi: kwa kawaida hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka mjini Bukoba.

Mmea unaohesabu siku za baridi utahesabu nini hapo? Hautahesabu chochote. Hauoni sababu ya kupukutisha majani wala ya kulala; huendelea kukua mwezi baada ya mwezi, na kama vishada vikitokea, basi ni vichache na vya kubahatisha. Samadi inayoongezwa huzidisha hali hiyo, kwa sababu naitrojeni iliyomo huhimiza majani na matawi, wala si maua. Isitoshe, wisteria, kama kunde nyingine, hushirikiana na bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake, ambao huipatia naitrojeni kutoka hewani.

Iko sababu ya pili. Hata huko kwao, wisteria iliyooteshwa kwa mbegu yaweza kukaa miaka 10 au zaidi, pengine hata 15, kabla ya kuchanua. Wakulima wa bustani hawapandi mbegu. Hununua miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na tawi la mmea uliokwisha kuchanua, nayo hutoa maua baada ya miaka mitatu au minne hivi. Mwenyeji wetu, basi, amepata hasara mara mbili: amepanda mbegu, na amezipanda mahali pasipo na baridi.

Mbuni ulitufundisha zamani

Jambo hili halipaswi kumshangaza mkulima wa Kagera, kwa sababu mbuni aliorithi kwa wazee wake hufanya vivyo hivyo, ila kwa ishara nyingine. Mbuni huunda matumba yake kisha hukaa nayo yamefungwa wakati wa ukame. Mvua ya kwanza nzuri inaponyesha, matumba huamka, na baada ya siku chache kibanja kizima hugeuka cheupe na kunukia. Wala si mbuni mmoja peke yake, bali yote kwa pamoja, kana kwamba imepigiwa ngoma.

Mbuni huhesabu ukame na kungojea mvua. Wisteria huhesabu baridi na kungojea joto. Bukoba ina ukame mfupi na mvua, lakini haina majira ya baridi. Hii ndiyo kanuni ambayo msomaji yafaa aishike: kabla ya kuuchagua mmea wa mapambo kwa uzuri wa picha yake, tuulize kwao unangojea ishara gani, kisha tuulize kama ishara hiyo hufika kwetu.

Aina za wisteria na namna ya kuzitambua

Kwa wenye hamu ya kujua, au walio mahali palipo juu na penye baridi zaidi, hizi hapa aina zinazopandwa sana.

Wisteria ya Japani ndiyo yenye vishada virefu kuliko zote. Ile iitwayo Macrobotrys yaweza kuwa na vishada vinavyokaribia meta moja. Zipo pia za maua meupe, za maua ya waridi, na nyingine yenye petali nyingi zilizojazana iitwayo Violacea Plena. Wisteria ya China ina vishada vifupi na vinene zaidi, na maua ya kishada kimoja hufunguka karibu yote kwa wakati mmoja. Zile za Japani hufunguka kuanzia juu ya kishada kwenda chini. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kutazama shina: ukilitazama kutoka juu, la Japani hujizungusha kufuata mwendo wa mishale ya saa, na la China kinyume chake. Wisteria ya Marekani, ambayo mojawapo ya aina zake ni Amethyst Falls, ni ndogo kwa kimo, ina vishada vifupi, na haina fujo ya kutanda kama hizo mbili.

Aishiye katika nyanda za juu zenye baridi kali, kama vile Makete, ambako usiku wa Juni na Julai jalidi huonekana juu ya majani, ana matumaini makubwa zaidi kuliko mkazi wa kando ya ziwa. Huyo na atafute mche uliobebeshwa, aupande penye jua, asiutie samadi nyingi, na aupogoe mara mbili kwa mwaka: kwanza kufupisha matawi marefu hadi majani matano au sita, kisha, mmea unapokuwa umelala, kuyafupisha tena hadi matumba mawili au matatu.

Yapo maonyo mawili ambayo hayategemei mahali. La kwanza ni sumu. Mbegu za wisteria, zikiwa ndani ya maganda yenye manyoya laini, hufanana na maharage, nazo zikiliwa huleta maumivu ya tumbo na kutapika. Katika nyumba ambayo maharage huvunwa kibanjani na watoto husaidia kuyapukuchua, hatari hiyo si ya kupuuzwa. La pili ni uzito. Mashina yake hunenepa na kukaza kama kamba, yakaweza kung'oa mifereji ya paa na kusukuma nguzo. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi katika Kagera na kuziachia nyingine nyufa. Ukuta wenye ufa usibebeshwe mmea mzito wa aina yoyote. Mmea na upewe kichanja chake wenyewe, mbali kidogo na nyumba.

Mimea mitatu iifaayo Bukoba

Wa kwanza ni petrea. Huu ndio ulio karibu zaidi na wisteria kwa sura, ingawa si wa jamii ya kunde. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na jina lake hukumbusha Lord Petre, Mwingereza mpenda mimea aliyefariki mwaka 1742. Ukiyapapasa majani yake utayatambua mara moja, kwani yanakwaruza kama msasa. Vishada vyake huning'inia, na kila ua lina tabaka mbili: ndani, ua dogo la zambarau iliyokoza, nje, nyota ya sepali tano za zambarau hafifu. Ua la ndani huanguka baada ya siku chache, lakini nyota hubaki kwa majuma kadhaa, na mwishowe hugeuka kuwa mbawa za kupeperusha tunda. Petrea haihitaji baridi. Katika nchi za joto huweza kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, hasa baada ya kipindi cha ukame. Ipo pia ya maua meupe.

Wa pili ni bogenvilea, ambao wengi wanaufahamu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliukuta Brazil katika msafara wa Bougainville wa kuizunguka dunia ulioanza mwaka 1766. Rangi tunayoiita ua si ua, bali ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vijibomba vidogo vyeupe vilivyomo katikati. Aina zake ni nyingi: za zambarau, nyekundu, chungwa, waridi na nyeupe. Kwa Bukoba, tatizo lake ni mvua nyingi, kwani bogenvilea hupendelea kuchanua ikionja ukame kidogo. Kwa hiyo ipandwe penye mteremko au tuta lililoinuka, penye jua kutwa, au katika chungu ili maji yaweze kupunguzwa. Ina miiba, na hilo ni faida kwa atakaye ua wa kuzuia mbuzi.

Wa tatu ni mti wa kwetu wenyewe, ambao wataalamu huuita Millettia dura. Huota kwa asili katika Afrika ya Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, ikiwemo Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, hasa kandokando ya misitu. Si wa kutambaa, bali ni mti mdogo wenye kivuli chepesi, na unapochanua hufunikwa na vishada vya zambarau vinavyofanana na vya wisteria hata mgeni akadanganyika. Mfanano huo si wa bure: yote miwili ni ya jamii ya kunde, na kwa miaka mingi wataalamu waliiweka katika kabila moja la mimea, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulipoitenga wisteria katika kabila lake. Mti huu hupandwa kwa mbegu mbichi zilizolowekwa usiku mmoja. Mbegu zake nazo zina sumu, hasa kwa samaki. Basi usipandwe kando ya bwawa la samaki.

Namna ya kupanda petrea

Chagua mahali penye jua kwa muda mwingi wa mchana. Chimba shimo la sentimeta 60 kwa upana na kina. Udongo wa Bukoba usiowahi kutiwa samadi aghalabu ni wa tindikali na umeoshwa rutuba na mvua. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha usirudie kutia samadi nyingi baadaye.

Miche hupatikana kwa vipandikizi vya sentimeta 15 hadi 20, vilivyokatwa kwenye matawi yaliyoanza kukomaa lakini hayajawa magumu kabisa. Vipandikizi hivi huchelewa kutoa mizizi, hivyo viwekwe kivulini, katika mchanga wenye unyevu, na mpandaji awe na subira. Njia nyingine, iliyo rahisi zaidi kwa asiye na kitalu, ni kulaza tawi refu likiwa bado kwenye mmea mama, kulikwaruza ganda upande wa chini, kulifukia kwa udongo, na kulikata likishatoa mizizi.

Jenga kichanja cha nguzo imara kabla ya kupanda. Usiuache mmea uparamie mbuni wala mgomba, kwa sababu utaunyima mwanga. Pogoa baada ya maua kuisha, si kabla, ili usikate matumba yanayokuja. Panda mwanzoni mwa mvua za vuli au masika ili mizizi ishike kabla ya ukame.

Somo la gugu maji

Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani kujaribu mmea wowote unaovutia? Mkazi wa Bukoba anaweza kushuka hadi ufukweni akajionea jibu. Gugu maji, lenye ua la zambarau lenye kupendeza, ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu moja kubwa, nayo ni uzuri wa ua lake. Watu waliupanda katika vidimbwi vya bustani, ukatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana katika Ziwa Viktoria, na Mto Kagera ukawa mojawapo ya njia zake za kuingilia. Katika miaka ya 1990 uliziba bandari na mialo, ukawazuia wavuvi kutoa mitumbwi, hata ikalazimu kuleta fukusi wanaoula ili kuupunguza. Mpaka leo haujaisha.

Hata wisteria za China na Japani, ambazo kwetu hushindwa kuchanua, zimekuwa magugu vamizi katika misitu ya kusini mashariki mwa Marekani, zikinyonga miti. Mmea mmoja huwa dhaifu mahali hapa na jeuri mahali pale. Yote hutegemea kama umekuta ishara zake na umewaacha adui zake nyuma. Kwa hiyo mtu asilete mbegu au miche kutoka nje mfukoni mwake. Sheria inamtaka apate kibali kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na sheria hiyo inakilinda kibanja chake kabla ya kumlinda mwingine yeyote.

Turudi kwa mwenyeji wetu wa Rwamishenye. Hana haja ya kuona haya kwa ajili ya wisteria yake isiyochanua. Mmea ule haukumkataa. Umekuwa ukingojea majira ambayo Bukoba haijapata kuwa nayo. Na aukate, atumie kichanja kile kile kwa petrea, na kama ana nafasi mpakani mwa kiwanja, apande mti mmoja wa milletia. Siku mvua itakapoamsha mibuni yake, na atazame pia juu ya baraza: huenda akaona mmea unaoisikia ngoma ile ile.